Wino Unatambaa, Herufi Zinarukwa: Utatuzi wa Matatizo ya Kunakili Sutra kwa Brashi

Karibu kila anayeanza shakyo huniletea karatasi yake ya kwanza akiwa ameshajihukumu: "Mkono wangu mbaya." Naipokea, naiinua kwenye mwanga wa dirisha, napapasa mgongo wake. Mara nyingi mkono hauna kosa lolote. Maji yalizidi, au karatasi ililazwa kifudifudi, au brashi iliwekwa chafu tangu wiki iliyopita. Mtu anaacha ibada nzuri kwa sababu ya kijiko kimoja cha maji, na hilo linaniuma.

Shakyo ni kunakili sutra, yaani maandiko matakatifu ya Kibuddha, kwa mkono, herufi moja moja, kwa nia ya ibada. Japani kazi hii ina zaidi ya miaka 1,300: historia yao ya kale inataja mwaka 673, waandishi walipokusanywa katika hekalu la Kawaradera kunakili maandiko yote ya Kibuddha. Siku hizi wengi wetu huanza na Sutra ya Moyo, Hannya Shingyo, ambayo kwa namna inavyosomwa Japani ina herufi 262 za Kichina ukiacha kichwa chake. Huandikwa kwa safu zinazoshuka, herufi 17 kila safu, kuanzia kulia kwenda kushoto, na humchukua mtu saa moja hadi mbili.

Nikisema jiwe, ni suzuri, jiwe la kusagia wino: lina uwanda mkavu ambao Wajapani huuita nchi kavu, na kishimo cha kuhifadhia wino wakiitacho bahari. Nikisema mche, ni sumi, wino mkavu wa masizi yaliyokandwa na gundi ya wanyama, umbo lake kama kipande cha mche wa sabuni. Chini ya kila dalili nimetanguliza sababu inayoonekana mara nyingi zaidi. Anza na hiyo, hata kama unashuku nyingine.

## Wino unatambaa, herufi zinaota manyoya

Hili ndilo lalamiko namba moja. Unaweka mvuto wa kwanza, yaani mstari mmoja wa brashi, unaona ukingo wake unatoa vinywele, na herufi yenye mivuto mingi inageuka doa.

Shuku maji kwanza. Wino haukusagwa vya kutosha, au uliongeza maji ukidhani yamepungua. Chukua kipande cha karatasi ileile utakayoandikia, si gazeti wala karatasi ya printa, weka nukta moja, kisha hesabu polepole hadi 10. Ukiona pete ya majimaji ya kijivu imezunguka nukta, wino ni mwepesi. Rudi kwenye jiwe. Weka matone machache tu ya maji kwenye nchi kavu, saga kwa miduara ya polepole bila kukandamiza, sukuma ulichosaga kiteremkie baharini, weka matone mengine. Dakika 10 hadi 15 ni kawaida. Mche ukipita na kuacha njia nyuma yake ambayo haifungi mara moja, wino umeiva. Dakika hizo usizione za kupoteza. Ndipo pumzi inaposhuka, na mtu anayesaga kwa hasira huandika kwa hasira.

Kama wino ni mzito na bado unatambaa, geuza karatasi. Karatasi nyingi za Kijapani za kuandikia kwa brashi zina uso na mgongo: uso ni laini, mgongo unakwaruza kidogo. Vidole vyenye sugu hudanganya, kwa hiyo ipitishe kwenye shavu au ndani ya kifundo cha mkono. Nimewaona watu watatu kwa siku moja wakiandika mgongoni, wote wakilaumu brashi.

Baada ya hapo, uliza wino ulisagwa lini. Wino uliolala usiku kucha kwenye jiwe hupoteza nguvu ya gundi, masizi yakabaki hayana kinachoyashika. Unaandika na maji yanakimbia mbele. Wino huo pia hunuka, kwa kuwa gundi inaoza. Wapo wachoraji wanaoupenda kwa kazi zao, lakini kwa sutra haufai. Mwaga, osha jiwe, anza upya.

Sababu ya nne ni karatasi yenyewe. Ile ya kufanyia mazoezi ya herufi kubwa imetengenezwa ili inywe wino. Karatasi ya shakyo ama imepakwa maji ya shabu na gundi ili isinywe haraka, ama imegongwa. Mafundi wa zama za Nara, karne ya 8, walikuwa wakiilowesha karatasi kidogo na kuigonga kwa nyundo za mbao hadi nyuzi zishikamane. Ndiyo maana mwandiko wao unasomeka leo ukiwa na kingo kali kama wembe. Dukani uliza karatasi ya shakyo kwa jina hilo, usichukue tu "karatasi ya Kijapani".

Mwisho kuna hewa. Mwezi Juni na Julai Japani huwa na mvua za mfululizo, karatasi inavuta unyevu, na wino uliokutii mwezi Mei unakuasi. Anayeandika Tanga au Mombasa ana hali hiyo sehemu kubwa ya mwaka. Funga karatasi ndani ya bati la biskuti lenye mfuniko unaobana, toa moja tu unapoketi.

Je, unaweza kuipaka karatasi shabu mwenyewe? Inawezekana, lakini fanya kwa karatasi tupu na kwa shabu kidogo sana. Ikizidi, karatasi hupata asidi na baada ya miaka huvunjika kama ganda la kitunguu. Kama karatasi imeshaandikwa, na hasa kama ni ya zamani, acha kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kutunza na kubandika hati, ambaye Japani humwita hyogushi.

## Wino una chembechembe, au unakwama

Hapa tofautisha hali mbili. Kama unaona vichembe vyeusi vinavyoelea katika maji ya kijivu, tatizo kubwa ni maji. Maji yenye chumvi au chokaa nyingi hufanya masizi yashikane mafungu mafungu badala ya kutawanyika. Ndugu wa pwani wanaochota kisimani, au wenye maji ya bomba yanayoacha utando mweupe kwenye birika, watumie maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya chupa yasiyo na madini mengi. Sababu nyingine ya chembe ni kukandamiza mche wakati wa kusaga, au jiwe kuwa na mabaki ya wino wa zamani yanayobanduka. Jiwe huoshwa kila baada ya kazi, kwa maji na sifongo laini, bila sabuni wala mchanga.

Kama wino ni laini lakini brashi inavutwa kama kwenye asali, gundi imezidi au baridi imeishika. Wakati wa majira ya baridi gundi hutaka kuganda. Pasha jiwe kwa viganja vyako, au liweke chumba chenye joto saa moja kabla. Usisagie kwa maji ya moto. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiuweka mche kifuani, ndani ya koti, alipokuwa akija asubuhi.

Wino wa chupa ni sawa kwa mazoezi, lakini soma chupa. Nyingine zina resini ya viwandani inayokauka na kuwa kama plastiki ndani ya brashi na juu ya jiwe. Mimina kwenye kisahani cha kauri, na usichanganye na wino uliousaga.

Jiwe ambalo halisagi tena, mche ukiteleza kama kwenye kioo, limechoka meno. Yapo mawe madogo maalumu ya kulinoa, nawe unaweza kufanya hivyo polepole kwa maji. Jiwe la urithi, lenye nakshi au ufa, mpelekee fundi.

## Ncha ya brashi imegawanyika mara mbili

Tazama mahali nywele zinapoingia kwenye mpini. Pakiwa pamevimba na pagumu, umeshapata jibu: wino umeganda shinani. Nywele za ndani zinasukumana, ncha inafunguka kama mkia wa mbayuwayu, na hakuna namna utaandika herufi yenye upana wa kidole kwa brashi hiyo.

Brashi ndogo mpya huja imekazwa kwa wanga. Kosa linalofanywa na wengi siku ya kwanza ni kuilegeza yote kwa kuisugua hadi shinani. Kwa herufi ndogo za sutra, legeza ncha tu, theluthi au kwa wingi nusu yake, na sehemu iliyobaki iache ngumu ikusaidie. Ukimaliza, usiiweke chini ya bomba. Ilaze kwenye karatasi iliyoloweshwa, ivute kuelekea nchani, izungushe, rudia hadi karatasi isipokee weusi. Kisha ichonge ncha kwa vidole na uikaushe kwa kuilaza.

Kama shina limeshaganda, loweka nywele katika maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa nusu saa. Minya shina taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, badilisha maji, rudia. Huenda ukahitaji siku 2. Usichokoe kwa sindano. Nywele zikianza kutoka kwa mafungu, kilichoachia ni kifungo cha ndani. Ibakize kwa mazoezi, ununue nyingine.

Wakati mwingine brashi ni nzima na mkono ndio unaoigawa: umeichovya wino kidogo mno, au unaipindisha ukiiburuta kwa ubavu. Ishike wima.

## Herufi zinanenepa kadiri unavyoshuka

Safu ya kwanza herufi zinakaa vizuri kwenye vyumba vyake. Ya tano zimejaa hadi ukutani. Ya kumi zinakanyagana.

Aliyezoea kalamu ya bolpeni ana sababu moja kubwa: anakandamiza. Na aliyekulia chuoni akiandika kwa kalamu ya tete ana sababu nyingine, nayo ni ya heshima. Kwenye tete, unene wa mvuto unatokana na jinsi ncha ilivyochongwa, kwa hiyo mkono unaweza kuwa mzito bila kuharibu. Kwenye brashi, unene wote ni uzito wa mkono. Kila gramu inaonekana. (Anayesoma Kiarabu ana faida yake hapa: kuanza mkono wa kulia hakumpi taabu yoyote.)

Fanya hivi. Kabla ya kuanza, vuta mistari 10 myembamba kwa ncha tu, kifundo cha mkono kikiwa kimeegemea mgongo wa mkono wa kushoto uliolazwa mezani. Wengine hulaza kifundo mezani moja kwa moja, na kwa herufi ndogo hilo halina ubaya. Kisha andika safu ya kwanza, simama, linganisha na kielelezo. Fanya ulinganisho huo kila baada ya safu 3, si mwisho wa karatasi.

Zipo sababu mbili ndogo. Brashi imejaa wino, kwa hiyo ifute kwenye ukingo wa jiwe kila unapochovya, na uchovye mara kwa mara kidogo kidogo. Au umechoka. Herufi ni mashahidi wazuri wa uchovu: zinavimba kabla hujajua kwamba mabega yako yamepanda. Weka brashi chini, nyoosha mgongo.

Safu inayopinda kuelekea kushoto husababishwa na karatasi kulazwa mshazari au mwandishi kuketi upande. Weka uzito wa chuma juu ya karatasi, kitambaa kizito cha sufu chini yake, na kitovu chako mbele ya safu unayoiandika. Kadiri unavyosogea kushoto, vuta karatasi ije kwako. Usiifuate wewe.

## Umeruka herufi, au umeandika isiyo yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapolia.

Kwanza ujue umeruka wapi. Kipimo rahisi kuliko vyote ni miguu ya safu. Kama kielelezo chako kina herufi 17 kila safu, basi herufi ya mwisho ya kila safu yako lazima ifanane na ya kielelezo. Ikipishana, kosa limo ndani ya safu hiyo. Itazame kila unapofika chini. Inachukua sekunde 2 na inaokoa saa nzima.

Sutra ya Moyo ina mitego yake, na ni ileile kwa kila mtu. Herufi 無, "hakuna", imo mara 21. Katikati ya sutra zinakutana mbili pamoja, 無無明, na watu wengi hudhani wamerudia kwa bahati mbaya, wakaacha moja. Zote mbili ni halali. Vivyo hivyo 等等 karibu na mwisho. Mtego mwingine ni 滅 na 減. Ya kwanza ni kutoweka, ya pili ni kupungua, zinafanana kama mapacha na zimekaa jirani, katika maneno yanayosema hakuna kuzaliwa wala kutoweka, hakuna kuongezeka wala kupungua. Tazama ndani ya kila herufi: ya kwanza ina umbo la moto, ya pili ina kijisanduku.

Mtego mkubwa ni wa maneno 依般若波羅蜜多故, "kwa kutegemea ukamilifu wa hekima". Yanatokea mara mbili, neno kwa neno: mara moja kwa bodhisattva, yule anayetafuta uamsho kwa ajili ya viumbe wote, mara moja kwa mabuddha wa nyakati tatu, uliopita, uliopo na ujao. Unaandika ya kwanza, unachovya brashi, jicho linarudi kwenye kielelezo na kutua kwenye ya pili. Umeshapoteza herufi 36. Na zilizopotea ndizo zinazosema moyo hauna kizuizi, na kwa kuwa hauna kizuizi hauna hofu. Dalili yake ni kwamba unamaliza sutra mapema, na mkono wa kushoto wa karatasi kumebaki safu 2 tupu zaidi ya kielelezo. Ukiona hivyo, nenda moja kwa moja mahali hapo. Kwa miaka yote niliyokaa na wanafunzi, sijakumbuka zaidi ya mara mbili ambazo safu mbili zilipotea kwingine.

Kinga yake: weka kipande cha karatasi nyeupe juu ya kielelezo, kifunike safu ambazo hujazifikia. Na usome kwa sauti ya chini kila fungu la maneno kabla ya kuliandika. Jicho huruka upesi, ulimi hauruki kirahisi.

Sasa kosa limeshatokea. Usifute. Usikwangue kwa wembe. Usipake nyeupe. Usichane. Upo utaratibu wa zamani: herufi iliyokosewa, weka nukta ndogo pembeni yake, na uandike ile sahihi kwa udogo kando yake au kwenye ukingo wa karatasi usawa wa safu hiyo. Herufi iliyorukwa, weka nukta kati ya zile mbili ilipotakiwa kuwa, na uiandike chini mwisho wa safu. Msomaji wa sutra anaelewa. Nukta ile inasema ulikosea, ukaona, ukaendelea, na mimi naipenda karatasi yenye nukta mbili tatu kuliko ile isiyo na kosa iliyoandikwa kwa wasiwasi.

Ukiruka fungu zima la herufi 36, nukta haitoshi. Maliza karatasi hadi mwisho kwa utulivu uleule, kisha siku nyingine andika nakala nyingine. Ile yenye pengo ihifadhi. Nitaeleza mwishoni pa kuipeleka.

Wenzetu wa zama za Nara hawakuwa na nafasi ya kujihurumia. Katika ofisi za serikali za kunakili sutra, kila nakala ilisomwa na wakaguzi, na mnakili alikatwa ujira kwa herufi alizokosea, akakatwa zaidi kwa safu aliyoiruka. Mkaguzi aliyeshindwa kuona kosa naye alikatwa. Wewe hukatwi chochote. Lakini chukua desturi yao ya ukaguzi: ukimaliza, soma nakala yako mara mbili, mara ya pili kuanzia mwisho.

## Miguu inakufa ganzi, mgongo unauma

Kuketi kwa magoti si sharti. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu watu wengi huteseka kimya wakidhani maumivu ni sehemu ya ibada. Mahekalu mengi yanayopokea wageni wa shakyo yana meza na viti.

Maumivu haya ni ya zamani kama kazi yenyewe. Katika nyaraka za karne ya 8 zilizohifadhiwa Shosoin, ghala la kale la hazina mjini Nara, imo rasimu ya maombi ya wanakili. Wanaomba nguo za kubadilisha kwa kuwa walizo nazo zinanuka, wanaomba siku za mapumziko kila mwezi, wanaomba chakula bora, na wanaomba pombe ya dawa kwa kuwa kuketi mezani muda mrefu kunawatia maumivu ya kifua na ganzi ya miguu. Kila nikisoma maombi hayo nahisi nimeketi nao.

Kagua urefu wa meza kwanza: kiwiko kikilazwa, bega lisipande. Kisha mwanga uje kutoka kushoto kama unaandika kwa kulia. Simama kila baada ya safu 5. Ukiona vidole vinabana brashi hadi kucha zinageuka nyeupe, legeza. Brashi inapaswa kuweza kuchomolewa mkononi mwako na mtoto.

Acha na umwone daktari kama ganzi ya kidole gumba na vidole vinavyokifuata inakuamsha usiku, kama nguvu ya kushika inapungua, kama goti limevimba, au mguu mmoja umevimba na kuuma baada ya kuketi. Maumivu ya kifua ni ya hospitali siku hiyohiyo. Sutra inangoja.

## Dhahabu inatoka kidoleni, au imefifia

Nakala za dhahabu juu ya karatasi ya rangi ya nili ni kazi ya wazoefu, lakini maswali huja. Unga wa dhahabu huchanganywa na gundi ya wanyama ndani ya kisahani kilichopashwa moto kidogo. Ikitoka ukigusa, gundi ni kidogo. Ikiwa imeshika lakini imekuwa kahawia iliyofifia, gundi imezidi, au bado hujaisugua. Dhahabu haing'ai yenyewe: ikikauka kabisa husuguliwa taratibu kwa jino la nguruwe mwitu au jiwe laini la akiki. Safu ikianza na mng'ao na kuisha bila mng'ao, unga umezama chini ya kisahani. Koroga kwa kidole kila unapochovya.

Fedha hugeuka nyeusi kwa hewa. Kwa mwanzo, iache.

## Moyo hautulii, au umekauka

Unaandika, lakini kichwani ni kodi ya nyumba na ujumbe wa simu. Sababu ya kawaida ni kwamba uliketi moja kwa moja kutoka barabarani. Utaratibu wa kuanza una kazi yake: kunawa mikono, kusukutua, kufukiza uvumba, kukutanisha viganja, kuisoma sutra mara moja kwa sauti, ndipo brashi. Hekalu la Yakushiji, Nara, mgeni hupewa karafuu aiweke mdomoni kabla ya kuingia ukumbi wa kunakili. Karafuu, ileile ya Pemba. Mara ya kwanza nilipoionja pale nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko walionitangulia.

Huwezi kumaliza kwa kikao kimoja? Simamia mwisho wa safu au mwisho wa fungu la maneno, kamwe si katikati ya neno. Funika karatasi kwa kitambaa safi, urudi kesho. Wapo waliowahi kuandika kwa desturi ya kuinama mara 3 kwa kila herufi, kwa hiyo haraka haikuwahi kuwa kipimo.

Wengine hukauka kwa aibu: "Siwezi kupeleka mwandiko huu hekaluni." Mwaka 1968 Takada Koin, mkuu wa Yakushiji, alianza kuomba watu wa kawaida wanakili Sutra ya Moyo na kutoa mchango kwa kila nakala, akilenga nakala milioni 1 ili kulijenga upya jumba kuu la hekalu. Jumba lilikamilika mwaka 1976. Nakala zile ziliandikwa na wakulima, wake wa nyumbani, wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi, wengi wakifuatisha kielelezo kilicholazwa chini ya karatasi. Kufuatisha kunaruhusiwa kabisa. Ukiogopa karatasi tupu, fanya hivyo mwaka mzima.

Lakini kama kuandika kumegeuka mateso, unarudia herufi ileile mara 20 kwa hofu kwamba nia haikuwa safi, hulali, au umeacha kula hadi umalize idadi uliyojiwekea, weka brashi chini. Zungumza na mtawa au mwalimu wako, na umwone mtaalamu wa afya ya akili.

## Ukungu, na karatasi zisizofaa

Vidoa vya kahawia au utando wa kijivu kwenye nakala yako mpya: iweke kivulini penye upepo, isikae juani, na ukishakauka upangushe utando kwa brashi kavu laini ukiwa umevaa barakoa, nje ya nyumba. Nakala ya zamani, kitabu cha kukunjwa cha babu, kunjo lililonunuliwa mnadani na limeshikana: usilifungue kwa nguvu, usipake chochote, usilianike. Lifunge kwa karatasi isiyo na asidi, ulipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho au hyogushi kama lilivyo.

Na zile zilizoharibika mkononi mwako, yenye pengo la herufi 36, iliyomwagikiwa na bahari yote ya jiwe? Haziendi kwenye pipa la taka, kama ambavyo mtu wa kwetu hatupi ukurasa wa msahafu. Mahekalu mengi hupokea karatasi hizo na kuzichoma kwa ibada. Uliza kwanza, kwani kila hekalu lina siku zake na wengine huomba mchango. Zangu nazifunga ndani ya karatasi nyeupe, naandika tarehe, naziweka rafu ya juu mpaka siku ya kwenda. Sasa hivi zipo 9.